Mpiga picha aliyewavalisha watoto wa kata nzima shati moja

"Kidevu juu kidogo. Si hivyo, mjukuu wangu, hapo unatazama ndege. Shuka. Hapo hapo... Usipepese!"

Taa inamulika. Msichana wa miaka mitano, aliyekaza uso kama anayesubiri sindano, anapepesa macho yote mawili, na watu waliojipanga uwanjani wanaangua kicheko. Mpiga picha naye anacheka. Anafuta lenzi kwa kitambaa, anachuchumaa upya huku magoti yakilia, na kuanza tena kana kwamba huyu ndiye mtoto wa kwanza leo.

Ni Jumamosi asubuhi katika kituo cha afya. Foleni ya wazazi inaanzia kwenye meza ya uandikishaji, inazunguka tangi la maji na kutokeza nje ya lango. Wengi ni watu wa kipato cha kuokoteza: wauza mboga, wafua nguo, wapagazi, mafundi wa vitu vidogo vidogo. Hawana mwajiri wa kuwakatia bima. Wamekuja kuwaandikisha watoto wao katika mpango wa bima ya afya ya watoto, ambao halmashauri inauendesha kata kwa kata.

Mzazi anachangia kidogo, halmashauri na wafanyabiashara wa soko wanajazia, na mtoto anapewa kadi yenye picha yake. Kwa kadi hiyo anatibiwa hapa kituoni, na akizidiwa anapelekwa hospitali kuu bila mzazi wake kuulizwa amekuja na nini mkononi.

Picha za kadi hizo ndizo kazi ya huyu mzee wa miaka sitini na mmoja. Jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani anaitwa Usipepese, mkewe anaitwa Mama Usipepese, na hakuna kati yao anayenuna.

"Kuna mtu alikuja studio kuulizia jina langu lile la kwenye vyeti, mke wangu akamwambia hapa hakai mtu wa hivyo," anasema mzee.

Mkewe anamkatiza palepale. "Alikuwa na miwani myeusi! Ulitaka nimkaribishe chai?"

Studio yao ni chumba kimoja pembeni mwa soko, kati ya saluni na duka la vipuri vya baiskeli. Ndani mna kiti cha kuzunguka ambacho siku hizi hakizunguki, pazia la bluu, taa mbili zenye miavuli, na kioo ambacho mteja hujitazama kwa mara ya mwisho kabla ya kuketi. Usipepese aliianza kazi hii zama za filamu, wakati picha ilisafishwa gizani na mteja akaambiwa arudi keshokutwa. Simu zenye kamera zilipoenea, sherehe zikamhama. Akabakiwa na picha za vitambulisho.

"Nilidhani nimekwisha," anasema. "Siku nzuri nawapiga watu kumi. Siku mbaya najipiga mwenyewe, nione kama nimekonda."

Katika kipato hicho hicho aliongezeka mtu wa tatu: mjukuu, mtoto wa binti yao wa kwanza anayefanya kazi za ndani katika mji mwingine. Ana miaka saba. Babu yake anamwita Bi Mdogo, bibi yake anamwita mke mwenzangu, na wote watatu wameizoea ndoa hiyo.

Bi Mdogo alikuwa na tatizo lililochelewa kujulikana. Akiitwa, haitiki. Akiambiwa alete kijiko, analeta kikombe. Darasani mwalimu alimwona mzito. Akilala alikoroma kama mtu mzima aliyechoka, na pumzi ikawa inamkatika, hata bibi yake akazoea kulala na mkono mmoja kifuani mwa mtoto.

"Tulidhani ni jeuri aliyorithi kwa babu yake," anasema Mama Usipepese.

Walikuwa wakienda duka la dawa, wananunua matone ya masikio, wanarudi. Kumwona daktari bingwa kungemeza mapato yao ya mwezi mzima, kabla hata ya vipimo. Kwa hiyo walisubiri mtoto akue, wakitumaini kwamba jambo hilo litakwisha lenyewe.

Mpango wa bima ulipofika katika kata yao, Bi Mdogo alikuwa miongoni mwa watoto wa mwanzo kupata kadi. Muuguzi mkuu wa kituo akamchungulia masikio na kumwandikia rufaa. Kule hospitali kuu, daktari bingwa wa masikio, pua na koo alikuta nyama za puani zimeota zikaziba njia, na majimaji yamejaa nyuma ya ngoma za masikio. Akawaambia kwamba mtoto huyu akili yake ni nzima kabisa, ila hasikii. Akipasuliwa, atasikia.

"Nilitoka mle ndani nikaketi kwenye ngazi," anakumbuka mzee. "Nikasema, kumbe. Kumbe!"

Daktari huyo hufika hospitali kuu mara chache kwa mwaka. Upasuaji ukapangwa kwa ujio wake uliofuata, na bima ingelipa kila kitu. Bi Mdogo akatia mswaki na kandambili zake kwenye kikapu, akakiweka karibu na mlango.

Hapo ndipo shati lilipoharibu mambo.

Studio nyingi za zamani zina koti la wateja, linalotundikwa nyuma ya mlango kwa ajili ya mtu anayetaka kutoka na heshima yake. Watoto walipoanza kuja kupigwa picha za bima, Usipepese aliona akina mama wakifika mlangoni, wanamteremsha mtoto mgongoni, wanaitazama nguo yake, wanasita. Mmoja alisema atarudi akishapata kagauni. Hakurudi.

"Mtoto akose matibabu kwa sababu ya gauni, jamani!" anasema mzee, na hadi leo sauti yake inapanda. "Gauni!"

Mama Usipepese akatoa kitambaa cheupe chenye mistari ya kijani, akashona shati la watoto. Mbele lilikuwa na kola, vifungo na mfuko. Nyuma halikuwa na kitu ila kamba za kufungia, ili liwaenee wote, anayeanza kutembea na anayekaribia kubalehe. Kila jioni lilifuliwa, kila asubuhi likapigwa pasi.

"Mbele waziri, nyuma mgonjwa wa wodini," anasema mama huyo, huku akijifuta machozi ya kicheko.

Sifa za shati zikaenea. Waliokuwa wakisita wakaja, wakawaleta na majirani. Katika miezi michache Usipepese alikuwa amewapiga picha watoto karibu mia tatu, kwa nusu ya bei yake ya kawaida, na mratibu wa mpango katika kata, mwanamke kijana anayezunguka na pikipiki, akazipeleka picha zote makao makuu.

Kule, mhakiki aliketi mbele ya kompyuta akaanza kuzifungua. Akaona mtoto mwenye upara, shati jeupe la mistari ya kijani, uso umekazwa. Akafungua picha ya pili: upara, shati, uso. Akaendelea, hali ni ile ile. Shule za hapa zinataka vichwa vinyolewe, wa kike kwa wa kiume, na Usipepese haruhusu mtu kucheka kwenye picha ya kadi. Ukiongeza na lile shati, hata mama mzazi angetazama mara mbili.

Mhakiki akaona kilichokuwa rahisi kuonekana: watoto hewa. Mtu amempiga mtoto mmoja, au wachache, mara nyingi, ili fedha za mpango ziliwe. Akasimamisha kadi za kata nzima. Ilibaki wiki moja na ushei daktari bingwa afike.

Mratibu aliingia studio na kofia ya pikipiki ikiwa bado kichwani.

"Mzee wangu, mlikuwa na shati moja tu?"

"Moja tu, mwanangu. Zuri, si zuri?"

"Zuri sana, baba. Ndilo lililotuponza."

Habari ilifika sokoni kabla ya adhuhuri. Wa kwanza kuja alikuwa muuza nyanya anayejulikana kama Mama Pacha, mikono kiunoni, kanga imekazwa.

"Mzee Usipepese! Wanangu wamezaliwa wawili, mimi mwenyewe nikiwepo! Leo nimempeleka mmoja ana homa, naambiwa kadi imefungwa, eti huyu ni mtoto mmoja aliyepigwa picha mara mbili, tena huenda hayupo kabisa! Umetuvalisha sare ya wezi!"

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye. Kwanza niambie, mtoto ambaye hayupo anapataje homa?"

Mtoto huyo alitibiwa. Muuguzi mkuu hakumrudisha mtu yeyote wiki ile. Aliwapa dawa zilizokuwepo kituoni na kusema karatasi zitafuata. Lakini upasuaji wa hospitali kuu haukuwa mikononi mwake. Bila kadi, Bi Mdogo angesubiri hadi ujio mwingine wa daktari, na mwalimu alikwisha kusema kwamba mtoto akiendelea hivi atarudia darasa.

Usipepese alishika tama. Anasema hakuwa na wa kumlaumu. "Yule bwana aliona kile nilichomwonyesha mimi. Ningekuwa mimi ndiye nimekaa pale, ningeita polisi."

Mratibu alipiga simu makao makuu, akabembeleza, akapiga tena. Mwishowe mhakiki alikubali kuja mwenyewe siku ya Jumamosi. Masharti yalikuwa mawili. Kila mtoto aje na mzazi au mlezi wake, apigwe picha upya mbele yake. Na kila mmoja avae nguo yake mwenyewe.

Usipepese na mkewe walizunguka mtaa kwa mtaa, uchochoro kwa uchochoro, wakigonga milango ya watu waliowakasirikia. Kipaza sauti cha soko nacho kilitangaza hadi kikakauka. Lile sharti la pili ndilo lililowapa kazi. Baadhi ya akina mama walikuwa na aibu ile ile ya mwanzo.

Jumamosi hiyo, hata hivyo, uwanja wa kituo ulifurika. Mhakiki alikuwa mtu mfupi, mwenye kalamu mbili mfukoni na uso wa kazi. Aliketi, akafungua kompyuta yake, akaita mtoto wa kwanza. Usipepese akapiga. Wa pili, akapiga. Mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipopita gauni fulani la njano. Baada ya muda likapita tena, na mtoto mwingine ndani yake. Lilipokuja mara ya tatu, kijasho chembamba kilimtoka mzee.

"Simama hapo! Gauni hili nimeshalipiga!"

"Ni la jirani, mzee," mama mmoja akanong'ona. "Ametuazima."

"Lirudi kwa jirani sasa hivi! Mnataka tufungwe wote? Kila mtu na chake! Kiwe na kiraka, kiwe na dirisha, kiwe chake!"

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Mhakiki naye aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika.

Wakaja pacha. Mhakiki alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akavua miwani akaisafisha, akatazama upya.

"Mama, nionyeshe tofauti yao."

"Huyu anakula kila kitu. Huyu anachagua."

"Hiyo siwezi kuiandika, mama."

"Basi andika wawili! Waguse, baba! Mmoja huyu, wa pili huyu!"

Aliwagusa vichwani, mmoja mmoja, akaandika wawili.

Mchana ulipofika, mratibu alimletea lile shati. Mhakiki alilishika kola, akaligeuza, akaona kamba za nyuma. Akamuuliza Mama Usipepese kama ni yeye aliyelishona. Mama akaitikia kwa kichwa. "Mngeniambia tu," mhakiki akasema. Chakula kilipoletwa alikisogeza pembeni, akaita mtoto aliyefuata.

Siku nzima Bi Mdogo alikuwa mwishoni mwa foleni. Bibi yake alimnong'oneza mumewe ampitishe mbele, maana jua lilikuwa linateremka na watoto bado walikuwa wengi.

"Hapana," mzee akamjibu. "Shati ni letu. Nikimtanguliza wetu, watu watasema nini?"

"Watasema ana babu!"

Hakumtanguliza. Kivuli cha tangi kilikuwa kimefika kwenye ukuta wakati mhakiki alipoita jina la mtoto wa mwisho. Hakuna aliyeitika. Akaliita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Msichana mdogo aliyekuwa hatua chache kutoka mezani aliendelea kuchora mchanga kwa kidole cha mguu. Bibi yake akamgusa bega, naye akageuka, akatabasamu.

"Mbona haitiki?" mhakiki akauliza.

"Ndiyo maana anaihitaji kadi, bwana," akajibu Usipepese.

Kadi zilifunguliwa Jumatatu. Alipotafutwa kwa ajili ya makala haya, mhakiki hakukwepa kuizungumzia siku hiyo. "Kazi yangu ni kutilia shaka, na nitaendelea kutilia shaka, kwa sababu fedha hizi ni za watoto," alisema. "Ila nilikwenda pale kutafuta watoto waliozidi, nikakuta waliopungua. Langoni kulikuwa na watoto waliokuja kushangaa tu, hawajaandikishwa mahali popote. Tukawaandikisha jioni ile ile."

Bi Mdogo alipasuliwa katikati ya wiki iliyofuata. Babu na bibi yake walikaa kwenye benchi la korido bila kutaniana hata mara moja, jambo ambalo mama huyo anasema halijawahi kutokea tangu waoane. Daktari alipotoka na kuwaambia mambo yamekwenda salama, mzee alimshika mikono yote miwili na kushindwa kuiachia.

"Nilitaka kumwambia maneno mazuri," anasema. "Nilikuwa nimeyaandaa. Nikaishia kusema ahsante, ahsante, ahsante, kama redio iliyokwama."

Waliporudi nyumbani, walipita mbele ya lile duka la jirani na studio. Bi Mdogo akasimama ghafla na kumvuta babu yake mkono. "Babu, ile inayolia ni nini?" Ilikuwa kengele ya baiskeli, fundi anaijaribu. Imekuwa ikilia pale kila siku tangu azaliwe. Fundi, alipoelezwa, aliiacha kazi yake akawa anampigia kengele moja baada ya nyingine, kila moja ya dukani, mpaka wateja wakauliza kuna nini.

Siku hizi mtoto ameketishwa safu ya katikati darasani na mwalimu anasema hanyamazi. Nyumbani nako mambo yamegeuka. Miaka yote walizoea kumpigia kelele ndipo asikie, na mazoea hayakatiki mara moja. "Babu, niko hapa," humwambia, ameziba masikio. "Unanifokea nini?"

Usipepese hawezi kusimulia habari hii bila kuwataja watu, na ukijaribu kumharakisha hakubali. Anamtaja muuguzi aliyewatibu watoto wakati kadi zimefungwa. Anamtaja mratibu aliyepiga simu hadi akaonekana msumbufu. Anamtaja mhakiki, ambaye alikubali kupigwa picha ya bure kabla ya kuondoka, na ndiye mtu mzima pekee anayecheka kwenye ukuta wa studio. Anamtaja Mama Pacha, aliyemsamehe kama alivyoahidi, tena akawa anawasukuma wenzake sokoni wakaandikishe.

"Mimi nina kamera tu," anasema. "Hawa walikuwa na uwezo wa kusema hapana, na kila mmoja alisema ndiyo."

Kwa mujibu wa muuguzi mkuu, watoto zaidi ya mia saba wa kata hii sasa wana kadi. Anasema zamani wazazi wengi walimleta mtoto akiwa hoi, baada ya kumaliza dawa za kuuliza dukani. Sasa wanamleta homa ikiwa changa. "Wengine wanaleta hata mafua," anasema akicheka. "Walete tu. Afadhali mafua."

Uwanjani, foleni imesogea. Kando ya pazia la bluu, lililoletwa kutoka studio, imefungwa kamba iliyojaa nguo za watoto za kila rangi, zilizotolewa na mafundi cherehani wa soko na mwenye saluni. Mama Usipepese anazibadilisha kila wiki na anahakikisha hakuna inayofanana na nyingine. Mtoto anachagua mwenyewe. Yule msichana wa kupepesa amechagua blauzi nyekundu yenye vifungo vikubwa, na sasa hataki kuivua.

Mzee anaketi kupumzisha magoti. Anaelekeza kidole upande wa pili wa daraja, kwenye machimbo ya kokoto. Familia nyingi zinaponda mawe kule, na watoto wanashinda katika vumbi lile. Karibu wote hawana bima, kwa kuwa wazazi wakiacha kazi siku moja kuja kujiandikisha, siku hiyo hawali. Mpango wake ni kuwafuata huko huko. Anaweka akiba anunue printa ndogo inayotumia betri. Mratibu ameahidi pikipiki, muuguzi ameahidi kuja na mizani na chanjo, na mkewe ameshasema atabeba beseni na sabuni, maana hakuna mtoto atakayepigwa picha na vumbi usoni yeye akiwa hai.

"Nimewaambia lazima twende kabla ya mvua," anasema, akiinuka na kunyoosha mgongo. "Mvua ikianza, vifua vya watoto wa kule vinabana. Miaka yote msaada unawafuata wakishaanza kukohoa. Mwaka huu nataka tufike kabla ya kikohozi."